Mwizi wa Jukwaani, Mtu wa Nyumbani

Ndugu waombolezaji, mlio mmoja wa debe lililoanguka usiku wa tarehe 9 Agosti 1976, nyuma ya duka la kijiji, ndio ambao wengi mnaukumbuka mkimtaja baba yetu, lakini maisha yake hayakuanza na debe, wala hayakuishia hapo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1934 karibu na Mpui, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akajifunza useremala, na mwaka 1958 akafunga ndoa na Josefina, wakajaliwa watoto watano, mimi nikiwa wa tatu.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa mwaka 1974, kikundi cha maigizo kilimpa nafasi ya mwizi, naye akaimudu, koti limechanika, uso umepakwa masizi, akilinyemelea duka la mabua lililojengwa jukwaani na kujikwaa kwenye debe, hata watoto wakalia na wazee wakacheka mpaka machozi, na toka hapo kila alipoingia kilabuni watu walishika mifuko yao wakimtania, "Jamani, ficheni, Debe kaja!" naye akicheka nao.

Lakini duka la kweli lilipovunjwa, na debe likasikika kweli, hakuna aliyeuliza ni nani, kwa maana kila mtu alikwisha kumwona akiiba, mchana kweupe, mchezoni. Mwuza duka ndiye aliyepiga yowe kuliko wote, mgambo wakamfunga baba kamba, na Bibi Luciana, mama mkwe wake, akamchukua binti yake pamoja na sisi watoto, akaapa mbele ya majirani kwamba jina la mwizi halitatoka kinywani mwake.

Mwezi uliofuata, khaki na sabuni za duka zilikamatwa Kipili, zikipakiwa mtumbwini na mwuza duka huyo huyo, baba akaachiwa, mama akarudi nyumbani, ila Bibi, kwa aibu, akaendelea kumwita "huyo wenu".

Baba hakuacha maigizo, aliubadili mchezo, mwizi sasa akavaa shati safi, akawa wa kwanza kupiga yowe, watazamaji wakabaki wakitazamana, na mgambo aliyemfunga kamba akaomba kuigiza naye, na watoto waliokuwa wakimkimbia wakaanza kumwamkia shikamoo.

Aliugua kifua tangu Januari mwaka huu, akalazwa Sumbawanga, akafariki tarehe 17 Juni 1984.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochimba kaburi, na wenzake wa kikundi, mlioleta debe lile lile la mchezoni, leo likiwa limejaa maji ya kunawa mikono.

Pumzika sasa, baba, kwa amani uliyoisubiri, kwa maana alfajiri ya leo Bibi, ambaye kwa miaka minane hakukutaja kwa jina, aliinama juu ya jeneza, akaweka kiganja kwenye ubao, akasema, nyumba nzima ikasikia, "Leonsi, baba yangu. Leonsi."