Kimulimuli na Kitabu Kilichofunguka Kulia

Tarehe 31 Desemba 1969 Bwana Badawi Zein ataitundika aproni yake yenye madoa ya wino kwa mara ya mwisho, baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha chapa hapa Ndia Kuu kwa miaka thelathini na mitatu. Mwenyewe anasema ni thelathini na minne. Daftari la ofisi linaonyesha kuwa aliandikwa kazi Jumatatu, tarehe 4 Januari 1937. Yeye anakumbuka ilikuwa Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, wa mwaka 1355 wa Kiislamu, na huu ni Mfunguo Mosi wa 1389, basi hesabu ni yako. Nimetoa, nimejumlisha, nimetumia hata vidole. Kila mmoja yuko sahihi, na mimi ndiye nisiyejua niandike nini. Chagueni wenyewe.

Anayeandika ni Nicanor Ogutu, msahihishaji wa kiwanda, yaani mtu anayelipwa kutafuta makosa ya wenzake. Wageni wajue pia desturi ya nyumba hii: fundi anayestaafu hupanga kwa mkono wake ukurasa wa kumuaga, herufi kwa herufi, na hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho. Kwa hiyo kila sifa mnayoisoma hapa imepita kwanza kwenye vidole vya anayesifiwa. Kumsifu mtu namna hii ni kazi ngumu, maana ukitia chumvi anaweza kuipunguza, na ukimsahau hawezi kulalamika.

Wiki tatu zilizopita meneja wetu, Bwana Kavumbi, aliniletea cheti cha kustaafu nikikague kabla ya kuchapwa. Kiliandikwa “Badawi Zein, fundi.” Nilikisoma mara mbili nikakirudisha mezani. Hadi Krismasi ya mwaka jana mtu huyu alikuwa fundi mkuu wa chumba cha kupanga chapa, na cheo hicho alikibeba miaka kumi na mitano. Akiondoka na cheti hiki, wajukuu zake watakaokiona ukutani watajua kwamba alikuwa fundi tu. Hilo ndilo lililonifanya niombe kuandika ukurasa huu mimi, na nitalirudia baadaye nikishapata ujasiri.

Tuanze na mazuri. Bwana Badawi aliingia hapa akiwa kijana wa Kibokoni mwenye hati nzuri, akapewa kazi ya kurudisha herufi za madini ya risasi kwenye visanduku vyake baada ya kazi kuchapwa. Ni kazi ya kuwachosha watu waache wenyewe. Yeye hakuacha. Baada ya miaka miwili alikuwa anapanga kadi za harusi, baada ya sita anapanga vitabu, na ilipofika 1953 hakuna ukurasa uliotoka humu ndani bila kupita mikononi mwake. Ndiye aliyegundua, mashine ikiwa imeshatiwa wino, kwamba kadi mia tatu za harusi moja ya Mjini zilikuwa zinaelekea kumwoza baba wa bwana harusi badala ya bwana harusi. Familia hiyo hadi leo humletea halua, ingawa nasikia baba mtu hana furaha sana anapolisikia jambo hilo.

Kwa kuwa mpanga chapa huzisoma herufi zikiwa zimegeuka, Bwana Badawi husoma lolote kutoka upande wowote. Ukiketi naye kwenye benchi la muuza kahawa, yeye anasoma gazeti lako akiwa amekuelekea, tena anakusubiri ufungue ukurasa wa pili. Bwana Kavumbi amezoea kufunika barua zake kwa kofia kila fundi huyu anapoingia ofisini. Kwa wasiojua sababu ya kofia hiyo, ndiyo hiyo.

Na salamu zake! Mimi natoka bara, nilikotoka mtu akikuuliza habari unasema nzuri, mnaendelea na safari. Asubuhi yangu ya kwanza hapa, Septemba 1968, nilimwambia “Habari?” nikapita. Aliniita nirudi. Akaniuliza hali yangu, ya nyumbani, ya wazee, ya watoto, ya safari, ya usingizi, na kila nilipodhani tumemaliza alianza upya kwa neno jingine. Nilifika mezani kwangu nimechelewa na sijui kama nimekaribishwa au nimehojiwa. Siku hizi nisipopitishwa katika maswali hayo naona siku haijaanza.

Sasa nije kwa Kimulimuli.

Novemba mwaka huohuo wa 1968, Mwalimu Zilpah wa Tudor, anayefundisha watoto kanisani, alituletea kazi ambayo kiwanda hiki hakijawahi kuiona: hadithi ya picha ya kuwagawia watoto kwenye karamu ya Krismasi. Ilichorwa na Bwana Menza, mchoraji wa mabango. Shujaa wake aliitwa Kimulimuli. Saa za kazi alikuwa karani mnyonge wa reli, mwenye miwani, anayekunywa chai mezani kwake. Hatari ikitokea alivua miwani, kifua kikawaka taa, akaruka juu ya kisiwa. Alfajiri ya Sikukuu, kama maneno ya picha yalivyoiita, mwizi aitwaye Bwana Kiza anaiba gunia la zawadi za watoto kwenye ghala la bandari na kukimbilia kivukoni Feri. Kimulimuli anamkuta huko, anamtia kiwi kwa mwanga wa kifua, anampokonya gunia na kuwapelekea watoto. Picha thelathini na mbili, kila moja na bamba lake la zinki la kuchapia.

Kila kazi humu ndani huwekwa katika mfuko wake, na juu ya mfuko hubandikwa kikaratasi cha maagizo. Vikaratasi nilikuwa naviandika mimi. Katika barua yake Mwalimu Zilpah alisema anataka “kitabu cha Sikukuu, kama cha mwaka jana”, akimaanisha ukubwa wa karatasi ya kijitabu chake cha 1967. Nami, kwa uaminifu wa msahihishaji mgeni, nilinakili maneno yake yalivyo: Kitabu cha Sikukuu, kama cha mwaka jana.

Msomaji wa Mji wa Kale ameshaona balaa inakotoka. Mimi nilichelewa kuiona. Mwaka huo Idi iliangukia mwisho wa wiki, na Krismasi Jumatano iliyofuata. Kwangu mimi Sikukuu ya Desemba ilikuwa moja. Kwa Bwana Badawi, aliyekuwa amefunga na akihesabu siku, Sikukuu ilikuwa moja vilevile, ila si hiyo yangu. Na kitabu cha Sikukuu cha mwaka jana alikuwa amekipanga mwenyewe: kijitabu cha dua na kasida za Idi kwa hati ya Kiarabu, kinachofunguliwa upande wa kulia na kusomwa kuelekea kushoto.

Ukurasa wa kumuaga mtu hauna desturi ya kuweka mazungumzo, lakini haya nitayaweka, maana nayakumbuka neno kwa neno. Alikuja mezani kwangu ameshika mfuko.

“Bwana Nicanor, kitabu hichi ni cha Sikukuu?”

“Ndiyo, cha Sikukuu.”

“Kama kile cha mwaka jana?”

“Kama kile cha mwaka jana.”

Akaitazama picha ya juu.

“Na huyu mtu arukaye?”

“Ndivyo watakavyo wenyewe, Bwana Badawi.”

“Haya. Mwenyewe ndiye ajuaye.”

Baadaye aliniambia kwamba siku hiyo alirudi nyumbani amefurahi. Alimwambia mkewe, Bi Mwanakuu, kwamba hatimaye kuna watu wamewafikiria watoto wakawatengenezea kitabu cha picha cha Idi, ingawa shujaa wenyewe alikuwa wa ajabu kidogo. Kwa furaha hiyo aliongeza pambo kwenye jalada. Bwana Menza alikuwa amechora nyota. Bwana Badawi akaiwekea mwezi mwandamo kando yake.

Kisha akapanga picha zote thelathini na mbili kutoka kulia kwenda kushoto, na kurasa vivyo hivyo, kwa ufundi usio na dosari.

Mtauliza msahihishaji alikuwa wapi. Alikuwapo. Karatasi ya majaribio ililetwa kwangu ikiwa kubwa, haijakunjwa, nusu ya kurasa zimesimama kichwa chini, kama ilivyo kawaida kabla ya kukunjwa, kwa hiyo mvurugano haukunishtua. Nilikagua koma. Nilikagua herufi kubwa za jina Kimulimuli. Niliuona mwezi nikasema ni alfajiri, mwezi una haki ya kuwapo. Sikuwahi kusoma hadithi ya picha maishani mwangu, na nilidhani zote huchanganya hivyo. Nikaandika “Sahihi” na jina langu chini.

Jumatatu tarehe 23 Desemba Mwalimu Zilpah aliingia ofisini na nakala moja mkononi na uso wa mtu aliyeshindwa kuamua kama akasirike. Ukikifungua kitabu hicho kama watu wa bara tunavyofungua vitabu, hadithi ilikwenda hivi: Kimulimuli anapokea zawadi kutoka mikononi mwa watoto wanaocheka. Anaruka nazo hadi Feri. Anamkabidhi Bwana Kiza. Bwana Kiza anazirudisha ghalani kwa kunyata, anafunga mlango, anaondoka. Mwisho Kimulimuli anavaa miwani, anaketi ofisini, anakunywa chai.

Bwana Kavumbi alituita wote wawili. Aliuliza nani aliagiza kifunguke kulia, na akataka kikaratasi cha maagizo. Nilijua kimeandikwa kwa hati ya nani. Nilijua pia kwamba nilikuwa katika miezi minne ya majaribio, iliyokuwa inakwisha mwisho wa mwezi, na kwamba mke wangu Jacinta na watoto walikuwa wameshuka kwenye gari moshi wiki tano kabla ya siku hiyo, tukiwa katika chumba kimoja Majengo. Nilifungua mdomo. Sijui hata leo kama ningesema kweli au ningesema jambo jingine, kwa sababu Bwana Badawi alinitangulia.

“Kikaratasi kimepotea,” alisema. “Mkono uliopanga ni huu wangu.”

Nami nikafunga mdomo.

Hapakuwa na muda wa kuchapa upya. Mwalimu Zilpah, Mungu ambariki, alivigawa vitabu hivyohivyo na kuwaambia watoto waanzie nyuma. Baadhi walitii, wengine wakaanzia mbele, na nasikia hadi mwaka mpya Tudor nzima ilikuwa inabishana kama Kimulimuli ni shujaa au ni mwizi mwenzake Bwana Kiza. Bwana Menza alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, akaishia kupiga chafya. Sisi tulicheka pia, miezi mingi. Lakini tarehe mosi Januari mimi nilithibitishwa kazini, na siku hiyohiyo Bwana Badawi aliondolewa neno “mkuu” akarudishwa kwenye kazi aliyoanza nayo 1937, ya kurudisha herufi kwenye visanduku. Aliifanya mwaka mzima bila kuninunia hata siku moja. Kila asubuhi aliniuliza hali yangu, ya Jacinta, ya watoto, ya usingizi. Ya usingizi ndiyo iliyokuwa ngumu kujibu.

Nimejiuliza mara nyingi kuhusu kile kikaratasi. Nilikitafuta mwenyewe kwenye pipa la taka na chini ya meza, nisijue nikikipata nitakionyesha au nitakichana. Sikukipata. Huenda kweli kilipotea. Humu ndani karatasi hupotea kila siku. Huenda Bwana Badawi hakuwa na habari kabisa za majaribio yangu, na alisema vile kwa sababu yeye ndivyo alivyo. Nimegeuza jambo hili kutoka kulia na kutoka kushoto, na halisomeki.

Ninalolijua ni hili. Niliona haya na ninaona haya hadi leo. Niliogopa, na baada ya kuogopa wiki moja ikawa rahisi kuogopa wiki ya pili, hata mwaka ukaisha. Kwenye cheti kile kuna kosa, Bwana Kavumbi, na kosa la kwanza ni langu: kikaratasi kiliandikwa na mimi, maneno yake ni yale niliyoyaeleza, na fundi alikuja kuniuliza mara mbili nikamjibu mara mbili. Kazi yangu ni kusahihisha. Nimekitia alama ya wino mwekundu na kukirudisha mezani kwako, kisomeke “Badawi Zein, fundi mkuu.” Ukiona kuna adhabu iliyosalia, unajua meza yangu ilipo.

Bwana Badawi, kwa niaba ya wenzako wote wa chumba cha kupanga, cha mashine na cha ofisini, tunakushukuru kwa miaka thelathini na mitatu, na kwa ule mmoja wa ziada unaoujua wewe. Umetufundisha kuuliza hali za watu na kusubiri majibu. Uishi kwa raha na Bi Mwanakuu, afya iwe yenu, na kila kitabu utakachokishika kikufungukie upande uupendao.

N. Ogutu, msahihishaji

Maneno ya aliyeupanga ukurasa huu: Kikaratasi hakikupotea, ninacho. Zalikuwa zimekusalia siku nane za majaribio. Neno “mkuu” nimelipanga kama lilivyoandikwa. — B.Z.