Jozi ya Arobaini ya Buti

Bi Ardys Brekkestad, karani wa Shule ya Msingi Velstrand, Dakota Kaskazini, anastaafu Ijumaa tarehe 30 Mei baada ya kuitumikia shule hii kwa miaka arobaini na moja. Au thelathini na nane. Jalada lake la ajira linasema ishirini na mbili. Nilipiga simu wilayani kuulizia, nikaambiwa zote tatu ni sahihi, nikakata simu nikiwa sielewi kuliko mwanzo.

Maelezo ni haya, kama nimeyashika vizuri. Shule yetu imeunganishwa na za jirani mara tatu, na kila ikiunganishwa ilipewa jina jipya na wafanyakazi wakaajiriwa upya. Kwa hiyo Bi Ardys amefanya kazi katika shule nne bila kuhama kiti. Hata kiti chenyewe ni kilekile. Mguu mmoja nimeuchomelea mimi.

Mimi ni Lyle Hovdenes, msafishaji wa shule na dereva wa basi la wanafunzi. Mwalimu Mkuu, Bi Denise Quamme, alinipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu nimekaa na Bi Ardys kuliko mwalimu yeyote aliyebaki. Nikamwambia sijawahi kuandika kitu kirefu kuliko "chumvi ya kuyeyusha barafu imeisha." Akasema, "Andika kama unavyoongea, Lyle, ila punguza matusi."

Sasa, huwezi kueleza habari za karani wetu bila kusema mji una watu wangapi, na hapo ndipo kichwa kinapoanza kuuma. Kibao cha barabarani kinasema 212. Posta wanasema 187. Kanisa la Kilutheri lina washarika 240, maana hawajawahi kumfuta aliyehamia Minnesota, wakitumaini atajirudi. Nilipomuuliza Bi Ardys wakati wa baridi, alichungulia dirishani akasema 199, "ngoja kwanza hawa wageni, akina Rask, wamalize kushusha mizigo."

Yeye alihesabu watu kwa buti. Hapa kwetu mtoto akiingia kutoka kwenye theluji anavua buti ukumbini na kuvaa viatu vya ndani, na buti zinapangwa ukutani mpaka saa ya kwenda nyumbani. Kila asubuhi, kabla walimu hawajaita majina, Bi Ardys alipita ukumbini akihesabu jozi. Alisema mtoto anaweza kumwitikia mwenzake "nipo," lakini buti haziitikiani.

Tulimcheka kwa hilo, mimi nikiwa wa kwanza. Kisha ikaja ile dhoruba ya theluji ya mwaka wangu wa tatu kazini, nikaondoa basi haraka barabara zisije zikafungwa. Nilikuwa nimefika darajani aliponiita kwenye redio ya basi. "Rudi. Kuna jozi moja imebaki." Binti wa darasa la kwanza alikuwa amelala fofofo nyuma ya piano. Mimi nilikuwa nimehesabu vichwa, nikaapa wamo wote. Tangu siku hiyo sikumcheka tena, na nikawa naamini buti kuliko macho yangu mwenyewe. Imani hiyo ndiyo iliyoniponza.

Mwaka huu bodi ya wilaya ilitutangazia kwamba Jumatatu ya kwanza ya Februari wangepokea idadi yetu rasmi. Wanafunzi arobaini, shule inaendelea. Wakipungua arobaini, inafungwa Mei, na watoto wapelekwe shule ya Hallenby, maili thelathini na moja kwenda na thelathini na moja kurudi. Kwa nini arobaini na si thelathini na tano, sijui, na aliyenieleza naye alionekana hajui. Sisi tulikuwa na thelathini na tisa. Lakini akina Rask walikuwa wamehamia shamba lililokuwa la jirani yetu Norval wiki iliyotangulia, na hakuna aliyekuwa na hakika kama mtoto wao wa mwisho ameanza shule.

Jumatatu ilipofika nilikuwa napiga deki ukumbini, Bi Ardys akiwa kwenye simu. Nikahesabu buti. Arobaini. Nikaanza upya kutoka upande wa pili, arobaini. Mara ya tatu nilizigusa kwa mpini wa deki moja baada ya nyingine. Arobaini! Sikumuuliza mtu. Niliacha ndoo palepale nikakimbilia mkahawani kwa Marlys, nikatangaza.

Jamani, sijawahi kuwaona Walutheri wakipiga kelele namna ile. Marlys aligawa kahawa bure, kitu ambacho hakufanya hata siku ya harusi yake. Kufikia adhuhuri akina mama wa kanisa walishaleta shuleni sinia tatu za viazi na nyama ya kusaga, na chapati laini za viazi zilizopakwa siagi na sukari. Bi Ardys akatoka ofisini, akatazama sinia, akatazama watu.

"Tunasherehekea nini?"

"Arobaini!" nikasema. "Nimehesabu mara tatu, kwa njia yako."

Akaketi. Mara ya kwanza kumwona akikaa kwenye kiti kingine.

"Lyle," akasema, "jozi ya mwisho pale mlangoni ni yangu."

Nikaenda kuitazama. Buti ndogo za bluu zenye manyoya, namba ya mtoto wa darasa la tano. Kumbe mama wa watu ana mguu mdogo kiasi hicho, na miaka yote amekuwa akivua buti zake mstarini pamoja na watoto, akihesabu, kisha akiondoa moja. Hakuwahi kumwambia mtu kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza.

Nilimvuta pembeni. Nasema wazi, nilikuwa na hasira. "Si ungenyamaza tu?"

"Fomu inataka majina, Lyle. Ulitaka niandike la nani?"

"Mtoto wa mwisho wa akina Rask!"

"Ana miaka mitatu. Bado anavaa nepi."

Akaandika thelathini na tisa. Kisha akasema lazima twende kwa Marlys, kwa kuwa nilitangaza mimi na mimi ndiye wa kufuta. Akavaa zile buti, akanisindikiza. Nikawaambia ni thelathini na tisa. Marlys akaniangalia juu mpaka chini. "Njia ya mwongo fupi, Lyle."

"Hakudanganya," Bi Ardys akasema. "Alihesabu vizuri. Zilikuwa arobaini kweli."

Njiani kurudi alilia. Mimi nikaanza kumweleza habari za injini ya basi.

Bodi ilikutana Machi, ikasoma namba, ikafunga shule. Mpaka leo haijaniingia akilini. Hakuna mtu mjini aliyeipenda shule hii kuliko yeye, na mkono wake ndio ulioandika namba iliyoifunga. Mimi niliyekosea hesabu nimebakiwa na kazi, tena safari itakuwa ndefu zaidi. Yeye aliyepatia anapewa keki na cheti. Na cheti chenyewe kimeandikwa "miaka ishirini na mbili." Nimerekebisha kwa kalamu. Nimeandika arobaini na moja, na wilaya wakitaka wanifuate.

Watu wanauliza kama atahamia Arizona kwa dada yake, penye joto. Amejibu kwamba kibao tayari kinatudanganyia watu kumi na watatu, na yeye hataki kuongeza uongo. Anabaki.

Bi Ardys, kuanzia Agosti basi la Hallenby litapita mbele ya nyumba yako saa moja na dakika kumi asubuhi. Umeniomba nisimame hapo, upande basi na kuhesabu watoto, kwa sababu huniamini, na una haki. Nitasimama kila siku, theluji au matope. Watoto ni thelathini na tisa. Ukishuka ngazi za basi ukaniambia arobaini, sitabisha, nitajua safari hii hukuondoa jozi yako. Kiti cha nyuma yangu nimeshakipangusa, ni chako.

Kwa niaba ya Velstrand yote, hata tukiwa wangapi, tunasema asante. Pumzika salama nyumbani kwako, Bi Ardys, ule ushibe, na buti zako uziache mlangoni tuzione tukipita.