Biira Yupi wa Bwera

Benchi letu lilikuwa ubao wa bodi ya lori lililokufa, umelazwa juu ya matofali mbele ya kibanda changu cha kutengeneza baiskeli, hapo Bwera ambapo barabara inaanza kuteremka kwenda mpakani. Mwaka huo, 1969, tulikuwa wanne wa kila siku. Mimi Tumukunde, wananiita Fundi. Asanasio, mwalimu wa shule ya msingi, tulimpa jina la Mwalimu Eksi kwa sababu alikuwa anajisomea mtihani wa hesabu kwa posta, na kila ukuta mweupe aliuchora herufi X kwa mkaa. Benoît, muuza vitenge aliyekimbia vita kwao Butembo, tulimwita Musiye, yaani bwana kwa Kifaransa cha kwao. Na Abdunoor, dereva wa lori la kupeleka mawe Hima, ambako kiwanda cha saruji kilikuwa kinajengwa, tulimwita Saruji, ingawa mfuko wenyewe wa saruji alikuwa hajawahi kuubeba. Kahawa ilikuwa ya Mama Kaswera, naye wa upande wa Butembo, aliyetupikia, akatusikiliza na kutucheka bila kuinuka kwenye kigoda chake.

Jumatatu moja asubuhi Abdunoor alifika na bahasha. Askari mmoja wa kambi ya Kasese, Mwacholi anayeitwa Ojara, alikuwa amemsimamisha barabarani akamkabidhi. Kijana amepata uhamisho wa Moroto, anaondoka Jumamosi kwa treni. Juu ya bahasha aliandika kwa herufi kubwa: Kwa Biira, Bwera. Nijibu kabla ya Jumamosi.

Abdunoor alitusomea maneno hayo mara mbili, kama mtu ambaye kazi yake imeshakwisha. Mama Kaswera ndiye aliyemuuliza, taratibu tu, ni Biira gani.

Wakonzo, wenyeji wa huku, humpa mtoto jina kwa zamu yake ya kuzaliwa. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira, wa tatu ni Kabugho, hivyo hivyo mpaka mama achoke. Kila nyumba yenye mabinti wawili ina Biira wake. Kumwandikia Biira wa Bwera ni sawa na kumwandikia yule mtu mwenye pua. Askari wa watu, aliyetoka mbali, angejuaje?

Abdunoor alisema yeye atapita na lori akipiga honi, na atakayetoka mbio ndiye. Benoît aliona hiyo ni kazi ya kitoto. Afadhali barua isimamishwe sokoni juu ya ufito, halafu sisi tuangalie ni msichana gani anaona haya. Abdunoor akamwambia kwamba sokoni kila msichana huona haya akimwona Musiye anakuja na vitenge vyake. Tulicheka, na kucheka huko ndiko kulikoeneza habari.

Kufika Jumanne mchana walikuwa wamekuja Mabiira kumi na mmoja. Mmoja alikuwa mjane mwenye wajukuu. Alikaa kwenye benchi letu, akanywa kahawa yetu, akatuambia kwamba kama huyo askari anajua kulima, yeye yuko tayari kwenda Moroto hata leo. Tulimpenda sana. Lakini jioni alikuja mwanamume mmoja na baiskeli, akasema breki hazishiki. Nilizipima, hazikuwa na shida yoyote. Aliuliza mara tatu, kama mtu asiyejali, barua ile inasemaje. Mke wake aliitwa Biira.

Alipoondoka hakuna aliyetania. Abdunoor akasema basi tuifungue, tujue, tumalize. Asanasio aliichukua bahasha kutoka mkononi mwake, akaiingiza ndani ya kitabu chake cha hesabu, akakaa juu ya kitabu.

Niseme jambo moja kuhusu Asanasio. Ule mtihani alikuwa ameufanya mwaka uliopita akaanguka. Sisi tulimtania kwa mengi, kwa hilo hapana. Alijua wapi alipoangukia: mlango mmoja wa kitabu cha hesabu mpya, uliokuwa unaitwa fankisheni, na hasa pale wanapokwambia uirudishe kinyume. Alikuwa ameukariri wote bila kuuelewa. Jumatano asubuhi alisimama, akachukua mkaa kwenye jiko la Mama Kaswera, akaanza kuchora ukuta wangu. Kushoto aliweka vitone, nyumba kwa nyumba, kulia akaandika majina.

— Hawa ni watoto, alisema. Kila mtoto anatoka kwake na mshale mmoja tu, anakwenda kwenye jina moja tu. Hakuna mtoto asiye na jina, hakuna mwenye mawili. Hiyo ndiyo fankisheni.

— Kwetu fonksio ni kazi ya mutu mu biro ya serikali, alisema Benoît. Mimi sina fonksio tangu nitoke Butembo, na hamukunihurumia hata siku moja.

Abdunoor aliuliza kuhusu mapacha, wanaotoka siku moja. Asanasio akamjibu kwamba mapacha wana majina yao wenyewe, Wakonzo walishalifikiria hilo kabla ya madereva. Kisha akaonyesha upande wa kulia. Kwenye neno Biira mishale ilikuwa imejaa kama sindano za nungu. Kwenda ilikuwa rahisi. Alipojaribu kurudi, kidole chake kilisimama pale pale kwenye jina, hakijui kifuate mshale gani. Akajaribu mara ya pili na ya tatu, nikajua kwamba amerudi kwenye chumba cha mtihani.

Mama Kaswera alikuwa anatwanga. Aliinua mchi, akachota unga wa kahawa kwa kiganja.

— Mwalimu, ingine ya kahawa yangu inatoka Bugoye, ingine Karambi. Natwanga yote mu kinu moja. Sasa kamata huu unga, unionyeshe ya Bugoye iko wapi.

Asanasio aliutazama ule unga.

— Haiwezekani, alisema.

— Ningetwanga ya Bugoye yake yenyewe, ningejua.

Asanasio alirudi ukutani, akaanza kufuta vitone vya kushoto kwa mkono wa shati lake jeupe. Alifuta nyumba moja baada ya nyingine mpaka ikabaki moja tu, na katika hiyo moja kila jina lilikuwa na mshale wake mmoja. Akaweka kidole kwenye Biira, akakivuta kurudi nyuma, kikafika kwa mtoto mmoja bila kusita. Alirudia tena. Alisema, kwa sauti ya chini, kwamba kumbe walichotaka mwaka jana ni hicho: usirudishe soko zima, punguza kwanza mpaka kila jina liwe la mmoja, ndipo urudi.

Benoît akakumbusha kwamba jirani yake ana wake wawili na Biira wawili nyumba moja. Hata hilo lilikuwa na jibu, kwa sababu zamu huhesabiwa kwa kila mama peke yake. Kwa hiyo jina la baba lisingetusaidia. Tulitaka jina la mama.

Abdunoor aliondoka mchana huo huo na mawe yake, na Alhamisi alirudi akiwa amesimama kambini saa nzima kumsubiri kijana. Ojara alimwambia hivi. Miezi miwili nyuma, mama mmoja alianguka kutoka kwenye gari la mizigo pale Kasese akavunjika mguu. Yeye ndiye aliyembeba mgongoni mpaka hospitali. Siku kumi na moja alipita kumwona na maziwa, na binti wa yule mama alikuwa hapo, anamfulia mama yake, anamsomea Biblia. Mimi ni Biira, wa Bwera, alimwambia. Na yeye akaona jina hilo linatosha. Jina la mama alilijua kwa sababu liliandikwa kwenye kitanda. Enid, wa Karambi, hapa pembeni ya Bwera.

Mama Enid wa Karambi mwenye mguu mbovu alikuwa mmoja tu duniani. Tulimtumia ujumbe.

Biira alikuja Ijumaa baada ya chakula cha mchana, kwa miguu, vumbi mpaka magotini. Alikuwa msichana mrefu wa miaka kama ishirini, mwenye kutazama mtu usoni. Asanasio alitoa bahasha kitabuni akampa kwa mikono miwili. Aliisoma akiwa ametugeuzia mgongo. Alimaliza, akaanza tena tangu juu. Benoît hakuweza kujizuia, akamuuliza kama ni habari njema, na yeye akasema askari anaomba aje na wazee wake nyumbani akipata likizo, anataka kujua kama atapokelewa.

Tulifurahi kama sisi ndio tuliochumbiwa. Asanasio akamweleza jinsi tulivyompata, na vitone, na mishale, na nyumba tulizozifuta. Biira alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Aliusogelea ukuta, akautazama.

— Mwalimu, mimi mmenipata, asante. Na yeye akifika Moroto akanyamaza, nimtafute Ojara wa nani?

Abdunoor alisema kijana ana mwanya wa meno hapa mbele. Benoît aliuliza kama Waacholi wanahesabu watoto kama sisi. Hatukujua kama Ojara ni wa kwanza au wa tisa, wala mama yake ni nani, wala kama tayari yuko mwanamke mwingine huko kwao anayesubiri treni. Siku nne nzima tulikuwa tumemtafuta msichana, na kijana hatukumuuliza lolote. Asanasio alishika mkaa, akauweka chini. Tuligeukia vikombe, na Mama Kaswera akainamisha birika kutuonyesha kwamba yamebaki machicha.

Biira hakutusubiri. Alimuuliza Abdunoor kesho anaondoka saa ngapi.

Jumamosi asubuhi alipanda mbele kwenye lori pamoja na mama yake, mguu wa mama umenyooshwa juu ya gunia. Abdunoor alitusimulia aliporudi. Pale stesheni Biira hakusalimia sana. Aliuliza lile swali moja. Yule askari aliweka sanduku lake chini, akataja mama yake, baba yake, ukoo, kijiji, na kanisa lililo karibu, na kwamba hajaoa. Treni ilikuwa inapiga honi. Mama Enid, aliyekuwa amekalishwa kwenye benchi la stesheni, akamwambia aanze tena tangu mwanzo, polepole, binti anaandika.