Tarehe Aliyoiazima Mama Kalenda

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake wa zamani na wa sasa, na nyinyi wageni mliowahi kutembezwa na marehemu katikati ya makaburi mkaondoka mkiikumbuka sauti yake, familia imemteua mdogo wake, mtoto wa mama yake mdogo aliyekua naye nyumba moja, awasomee historia hii, naye anaomba radhi mapema kwamba ataanza kwa kuruka mstari wa kwanza. Mstari huo ni tarehe ya kuzaliwa. Ipo kwenye kitambulisho chake, ipo kwenye cheti cha ndoa na kwenye barua ya kustaafu, lakini marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Kalenda, aliacha agizo kwamba isisomwe mbele ya jeneza lake wala isichongwe kwenye jiwe lake mpaka mwenye tarehe hiyo, au mtu wake aliye hai, atoe ruhusa, kwa sababu tarehe hiyo aliiazima.

Kinachojulikana kwa hakika ni kwamba alizaliwa nyumbani, mtoto pekee wa dereva wa treni ya mizigo na mshona magunia, mwaka ule ambao mto ulibeba daraja, na hata hapo wazee waligawanyika, wengine wakisema daraja lilitangulia kuondoka ndipo akaja yeye, wengine wakisema alianza kuja yeye, na mjomba wetu mmoja mpenda utani akishikilia kwamba kwa jinsi mtoto alivyokuwa hatulii, huenda yeye ndiye aliyelibomoa. Mama yake alifariki yeye akiwa hajamaliza kuota meno, baba yake akamleta kwa mama yetu, chumba cha pili kutoka bombani, na alipoulizwa mtoto kazaliwa lini alijibu kwamba mambo ya tarehe aliyaweka mke wake. Msomaji wenu yeye alizaliwa hospitali na kadi yake ipo mpaka leo, jambo ambalo dada hakumsamehe, kila walipogombana utotoni alimwambia asijivune, hata mbuzi wa serikali wana kadi.

Kuhusu elimu, alianza darasa la kwanza Januari 1957 katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, akamaliza darasa la saba Novemba 1963, akiwa wa kwanza kwa hesabu za kichwa na wa mwisho kwa kunyamaza. Kwenye rejista, mbele ya jina lake, sehemu ya tarehe ya kuzaliwa palikuwa na nafasi tupu, na mwalimu alipokuwa akisoma tarehe za darasa zima kwa sauti, akifika kwake alikohoa kidogo na kupita. Alituambia uzeeni kwamba kikohozi kile alikisikia maisha yake yote.

Jumatatu ya tarehe 6 Februari 1967 aliajiriwa kuwa mfagiaji katika makaburi ya zamani ya mji, yale yenye ukuta wa mawe na geti la chuma linalolia, ambako wamelala mwimbaji, golikipa, mhariri wa gazeti, mbunifu wa jengo la stesheni na watu wengine elfu kadhaa ambao hakuna anayewaulizia. Saa nne asubuhi karani alimwita ajaze fomu, akakuta hana tarehe ya kuzaliwa, akamwambia bila ukali kwamba mtu asiye na tarehe hawezi kuandikwa kazini, aende akaitafute na kesho asubuhi arudi nayo, la sivyo nafasi atapewa mwingine. Hakuwa na pa kuitafuta. Alirudi kumalizia mstari wake wa tisa, na pale, kwenye jiwe dogo lisilozidi urefu wa mkono, alipolipangusa majani, akakuta maandishi ya maneno mawili, Mtoto Wetu, na chini yake tarehe mbili, ya kuzaliwa na ya kufa, zilizopishana siku nne tu. Alisimama hapo mpaka kengele ya mchana ikalia. Kwa maneno yake mwenyewe, aliona tarehe nzuri kabisa, iliyochongwa vizuri, na mwenyewe hakuitumia sana, basi akamwomba kwa sauti, akaahidi kuirudisha, na kesho yake akaipeleka kwa karani, siku, mwezi na mwaka.

Tangu siku hiyo hakuna kaburi alilolisafisha kabla ya lile. Wakubwa wake walidhani ni utaratibu wa kuanzia mstari wa tisa.

Tarehe 1 Machi 1974 alipandishwa kuwa mwongoza wageni, na ilitokea hivi, kwamba mwongozaji wa siku hiyo aliugua, msimamizi akawachukua wageni yeye mwenyewe, akawasimamisha kwa huzuni kubwa mbele ya kaburi la muuza mbao akiwaambia ndiye mwimbaji, na marehemu aliyekuwa akifagia hapo karibu akasema taratibu kwamba huyo mzee anashukuru kwa heshima, ila mwimbaji yuko mstari wa pili upande wa ukuta, alizaliwa lini, alikufa lini, na dada yake amelala mkono wa kushoto. Jina la Mama Kalenda lilianzia hapo. Alikuwa na tarehe za makaburi zaidi ya mia nne kichwani, aliwaita marehemu wote wenyeji, na hakuruhusu mgeni akanyage kabla ya kuwaamkia wenyeji. Glavu ambazo mashabiki huziacha kwa golikipa alizikusanya kila mwezi na kuzipeleka kwenye timu ya shule, akisema mwenyewe hawezi kudaka tena na haziwezi kukaa bure. Kwa mhariri, ambaye maisha yake yote aliwasahihisha wenzake, alikuwa akiwaachia wageni dakika moja walitazame jiwe wenyewe, mpaka mmoja wao aone kosa la tahajia lililopo mstari wa tatu, kisha wote wacheke, naye acheke kuliko wote, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Alikuwa na sharti lake, kwamba anayetaka kuona kaburi la mtu maarufu ataona kwanza la mtu asiye maarufu, na kaburi hilo lilikuwa daima lile jiwe dogo la mstari wa tisa. Wenzake walilalamika kwamba anawapotezea wageni dakika nane. Aliwajibu kwamba kwake huyo ndiye maarufu kuliko wote.

Tarehe 20 Agosti 1972 alifunga ndoa na mchonga mawe ambaye karakana yake ilitazamana na geti la makaburi, mtu mpole, mwenye vumbi jeupe kwenye nyusi siku zote, na wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1973, ambaye sasa ni karani wa benki, na kijana aliyezaliwa tarehe 17 Oktoba 1976, aliyerithi patasi za baba yake, na hao wamempa wajukuu wanne. Siri yake aliificha kwa mumewe miaka kumi na miwili, mpaka mwaka 1984 ofisi ilipomwita fundi huyo kukoleza maandishi yaliyofifia mstari wa tisa, akakoleza na lile jiwe dogo, akarudi nyumbani, akanawa mikono, akakaa mezani na kumwambia mkewe kwamba miaka yote hiyo hakujua kama ana pacha. Dada alisema alilia siku hiyo kwa nafuu, kwa kuwa hatimaye kulikuwa na mtu mmoja wa kujua. Shemeji yetu alifariki tarehe 11 Mei 2003, akiwa ameshawatayarishia mawe mawili ya mwamba mmoja, lake na la mkewe, na kwenye la mkewe aliacha sehemu ya tarehe bila kuigusa.

Lakini alikuwepo mtu mwingine. Kuanzia mwaka 1975, kila siku ya kuzaliwa ya yule mtoto, alikuja makaburini mwanamke mmoja mshona sare za shule, akiwa na kitambaa chenye maji na brashi, akilikuta jiwe limeshasafishwa, akamuuliza marehemu ni nani anayemfanyia hisani hiyo, akajibiwa kwamba ni kazi tu. Alikuwa dada wa yule mtoto. Alikuwa na miaka minne mdogo wake alipozaliwa, aliambiwa asubiri kwanza kumbeba, na hakuwahi kumbeba. Kila mwaka, akishaweka mkono juu ya jiwe, alikuwa akiuliza swali lile lile, kwamba leo angekuwa na miaka mingapi, na kila mwaka marehemu alimjibu papo hapo, ishirini na sita, arobaini, sitini na moja, bila kuhesabu, kwa sababu ilikuwa ni miaka yake mwenyewe. Walizeeka pamoja hivyo. Mara arobaini na nane marehemu alitaka kumwambia, na mara zote akahofia kwamba mwenzake ataona ameibiwa hata kile kidogo alichobakiwa nacho. Alikuwa na kawaida ya kujisema kwa ile methali ya nguo ya kuazima haisitiri, na neno linalomalizia methali hiyo msomaji analiruka kwa heshima yenu.

Alistaafu mwaka 2009, siku aliyotimiza miaka sitini kwa mujibu wa karatasi, kesho yake akaenda kazini kama kawaida kwa hiari yake. Maradhi ya moyo yalimwanza Januari 2021, miguu ikavimba, akalazwa mara tatu, na tarehe 12 Agosti mwaka huu, wodini, kitanda cha dirishani, alimshika msomaji mkono na kumsimulia haya yote, akampa agizo mlilolisikia, na kumtaka aende kwa mshonaji yeye akishaondoka, kwa sababu akiwa hai hataweza kumtazama usoni. Alifariki Ijumaa tarehe 22 Septemba 2023, saa kumi na moja alfajiri, akiwa usingizini.

Familia haikukubaliana, na hatuoni sababu ya kuficha. Mjomba alitaka siri izikwe naye, binti yake aliona mama atachekwa, na kijana wake alikaa karakanani siku nzima, patasi mkononi, mbele ya jiwe lenye nafasi tupu, kama ile ya rejista. Jumamosi msomaji alikwenda kwa mshonaji, akamkuta anatoa pini kwenye sare, akamweleza kila kitu akitazama sakafu. Mama yule aliendelea kutoa pini mpaka zikaisha. Kisha akamwambia aende, atakuja mwenyewe.

Alikuja jana, akakaa katikati ya wanawake, akaomba aletewe yule kijana mwenye patasi. Alisema miaka yote alidhani Mama Kalenda ni hodari wa hesabu, kumbe mwenye umri ndiye aliyekuwa akijibu. Akasema yeye ameshona nguo tangu akiwa msichana, na ni kweli nguo ya kuazima haisitiri, lakini hii ilimkaa, na nguo iliyomkaa mtu miaka hamsini na sita havuliwi akiwa mlangoni pa kaburi. Mwanangu, alimwambia, chonga. Alikuwa na sharti moja, kwamba siku ile ikifika mwezi wa kumi na moja, mtu kutoka nyumba hii aje mstari wa tisa, kwa sababu yeye ataendelea kuuliza. Tumemwahidi mbele ya wote, na jibu la mwaka huu tayari tunalo, ni sabini na nne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani waliobeba viti na maji tangu Ijumaa bila kuitwa, na wafanyakazi wenzake wa makaburi ya zamani, ambao asubuhi ya leo, kabla hawajaja hapa, walianzia mstari wa tisa. Tunakushukuru nawe mama mshonaji, uliyekaa hapo mbele, na kwa ruhusa yako tunarudi kwenye mstari tulioruka.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Novemba 1949.

Dada, pumzika kwa amani.