Siku Tulipolizika Koti

Asalaam aleikum, mama zangu, baba zangu, na nyinyi vijana mliokaa mlangoni ili mtoroke mapema. Nimewaona. Sogeeni ndani.

Bibi mwenyekiti amenisimamisha kwa sababu wanachama wapya wa chama chetu hiki cha kufa na kuzikana wameuliza: huyu bwana mbona kila msiba anatangulia kufika, hata wa mtu asiyemjua? Wengine mmesema nafuata wali. Wali naupenda, sikatai. Lakini lipo jambo, na leo nimeambiwa nilitoe. Nawaonya mapema kwamba mwenyewe silielewi vizuri. Nimeligeuza kichwani miaka na miaka, na bado pana mahali linakataa kukaa. Majina sitataja, ndio utaratibu wetu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Wenye umri mnaikumbuka. Jana tunapanga foleni ya sabuni, leo vitu vimemwagika kama mto umevunja kingo: mitumba, redio za kaseti, gesti mpya, malori ya wanunuzi wa ufuta yamejaa Ikwiriri. Nilikuwa kijana hapa hapa Kibiti, nalima na baba yangu. Na nilikuwa na mwenzangu. Nitamwita hivyo hivyo, mwenzangu. Mtu wa Mtunda, tulisoma chuo pamoja kwa maalim mmoja, tukachapwa fimbo moja. Yeye alijua gitaa, alifundishwa na mjomba wake. Kwao nilikula kama nyumbani.

Siku moja mwenzangu akaenda Ikwiriri kuuza mpunga, akarudi na koti la mtumba. La ngozi, jeusi, zito, la kizungu. Na joto letu hili mnalijua! Mama yake akamwuliza, "Mwanangu, unahamia Ulaya na hujatuaga?"

Mfukoni mwa lile koti mlikuwa na kaseti. Betri zetu zilikuwa zimechoka, tukazianika juu ya bati zishike jua, tukazitia kwenye redio. Ndugu zangu, nawaambia, ilipoanza kulia kuku walikimbia. Lilikuwa gitaa, lakini gitaa lenye hasira, linanguruma kama mashine ya kukoboa mpunga. Baadaye tuliambiwa ni bendi ya Waingereza. Maneno yao hatukuyaelewa hata moja. Ila katikati ya wimbo mmoja vyombo vyote vilinyamaza, na yule mwimbaji akapiga yowe. Yowe refu, halina neno ndani yake, linatoka tumboni. Likaisha, kukawa kimya. Halafu gitaa likamjibu, vilevile alivyolia. Akalia tena, likamjibu tena.

Mwenzangu akanitazama. "Wewe una pumzi," akasema. "Si wewe unayeadhini kwa maalim?"

"Ile ni sauti ya adhana bwana, si ya mayowe."

"Jaribu tu."

Nikajaribu. Jirani akaja mbio na panga kuuliza nani kaumwa na nyoka.

Basi bendi ikazaliwa. Tajiri mmoja wa ufuta alikuwa amefungua gesti, ana jenereta na spika, anatafuta cha kuvuta watu. Akatupa gitaa la umeme. Tukapata kijana wa kupiga ngoma na mwingine wa besi. Mara ya kwanza tulipiga kwenye harusi Mtunda, mchana kweupe. Nikafika mahali pa yowe, nikalitoa lote. Lo! Wanawake wakatoka nyumba za nyuma mbio, khanga zinawadondoka, mikono kichwani: "Nani? Nani amekufa jamani?" Mmoja alishakaa chini analia. Bibi harusi naye, kuona watu wanalia, akaanza kulia. Mimi nikatafuta pa kutokea.

Lakini vijana waliruka! Wiki haikwisha, kila mtoto wa Kibiti anapiga yowe njiani, na wazee wakakaa kikao kutujadili. Wapo humu waliokaa kile kikao, naona wanatazama paa. Tulipiga Ikwiriri, tukapiga Umwe, tukapiga hata kule ambako hakukuwa na bati la kuanikia betri. Msimu wa ufuta watu walijaa pomoni. Na kilichowaleta ni pale tu, mimi nilie, gitaa linijibu. Mimi na mwenzangu hatukuwa na haja ya kutazamana. Nililia nikijua nitajibiwa, na sijawahi kuwa na raha ya namna ile tena.

Sasa hapa ndipo ninapopotea. Kama kuna anayejua, aninyooshee kidole.

Bendi ilivunjika hapa Kibiti, kwenye harusi, watu wamejaa. Nilipiga yowe. Kimya. Gitaa halikujibu. Nikadhani waya umechomoka. Nikapiga la pili. Kimya. Nikageuka. Mwenzangu alikuwa amelivua gitaa, ameinama, anakunja waya wake polepole, kama mtu anayekunja mkeka.

"Kuna nini?" nikamwuliza.

"Piga mwenyewe na ujijibu mwenyewe," akasema.

Basi maneno yakaanza, mbele za watu. Aliyosema sikuyaelewa, na yangu pia siyakumbuki yote. Ninachokumbuka ni lile neno la mwisho. Mmoja wetu alisema, "Mimi na wewe hatuzikani!" Na mwingine akajibu, "Hatuzikani!" Nani alitangulia? Wallahi sijui. Mwenzangu naye hajui. Lakini nyinyi ni watu wa pwani, mnajua uzito wake. Waweza kumtukana mtu mkapatana kesho. Lakini kumwambia hatuzikani, hapo umemtoa kwenye hesabu ya watu wako.

Kila mtu alikuwa na sababu yake. Wengine walisema ni koti, kwamba sote wawili tulitaka kulivaa jukwaani. Ni kweli siku ile nililivaa mimi, lakini alinipa mwenyewe! Wengine wakasema ni tajiri. Wengine wakasema tumechezewa, kuna mkono wa mtu. Mzee mmoja akasema, "Ngoma ikilia sana hupasuka," akaona amemaliza. Haya, imepasuka. Kwa nini lakini?

Nilianguka, ndugu zangu. Sikunywa pombe wala sikuiba, lakini nilianguka. Niliacha kuimba, nikaacha hata kuadhini. Mke wangu alinisemesha asubuhi, nikamjibu jioni. Koti lilibaki kwangu, nikalitundika msumarini, nikawa nalitazama. Nikiona baiskeli inakuja upande wa Mtunda, naingia ndani.

Halafu baba yangu akafariki. Watu walijaa. Nimekaa pale nawapokea wenye kunipa pole, nikainua macho, nikamwona mwenzangu ng'ambo ya barabara. Amevaa kanzu na kofia. Amesimama. Baba yangu ndiye aliyemtahirisha pamoja nami! Nikasema moyoni, vuka. Vuka tu, basi. Gari likapita, vumbi likatanda, lilipotulia hayupo. Nililia kuliko nilivyomlilia baba. Nilimkasirikia kwa kutokuja, na nilimkasirikia zaidi kwa kuja nusu. Mnaelewa? Mimi mwenyewe sielewi.

Miezi ikapita. Kijana mmoja akaja likizo kutoka Dar, mpenzi wa miziki hiyo. Nikamwuliza habari za wale Waingereza wetu. Akacheka. "Wale? Walishavunjika zamani. Kabla hata nyinyi hamjaanza. Mwimbaji kivyake, mpiga gitaa kivyake, hata salamu hakuna."

"Waligombania nini?"

"Kila mtu anasema lake."

Nilikosa usingizi. Kumbe wakati sisi tunazianika betri, wenyewe walikuwa wameshaachana! Sasa sisi tuliiga nini? Tuliiga nyimbo, au na ugomvi ulikuwa mle mle kwenye kaseti?

Hapo ndipo binamu yangu alipoingia. Mtoto wa mjomba, mwuza vitumbua wa stendi, wengi mlikula vitumbua vyake na matusi yake juu. Mtoto wa mjomba ni mtani, na mtani hakasirikiwi. Asubuhi moja namwona anaingia uani kwangu na wanawake kumi hivi, wamejifunga khanga viunoni, wanalia kilio cha msiba. Nikaruka. "Nani amekufa?"

"Nyamaza, mfiwa!" akasema. "Kaa chini. Una maiti humu ndani tangu mwaka juzi hujazika, inanuka mji mzima." Akaingia chumbani, akalitungua lile koti, akaliviringisha kwenye mkeka mkuukuu, akaliweka katikati ya uwanja. Wanawake wakalizunguka wanalia na kucheka. Mke wangu naye! Nikajua walishapanga. Ningefanya nini? Ukimkasirikia mtani, faini ni yako.

Nisilolijua ni kwamba alfajiri alikuwa amempeleka mtu Mtunda na maneno machache tu: kwa yule jamaa yako kuna msiba. Hakusema nani.

Nimekaa pale mkekani kama mjinga, nikasikia kishindo. Ni baiskeli imetupwa chini, gurudumu bado linazunguka. Mwenzangu ameingia uani hana viatu, kanzu imefungwa vifungo upandeupande, machozi na jasho havijulikani kipi ni kipi. Hakusimama ng'ambo ya kitu chochote. Alipitiliza mpaka katikati, akaona mkeka umeviringishwa, akapiga magoti, akaushika. Akaanza kuniita jina langu.

Nikasema, "Nipo huku."

Akageuka. "Hujafa?"

"Sijafa."

"Sasa huyu ni nani?"

Binamu yangu akajibu, "Bendi. Majembe yale pale. Hamzikani, tumewasikia, lakini hii ni maiti yenu nyote wawili, atawazikia nani?"

Nilidhani atampiga. Mwenzangu alikaa chini kwa kishindo, akaanza kucheka, kisha kulia, kisha akasema, "Mtani wako huyu atanitoa roho." Akachukua jembe. Mimi nikachukua la pili. Tulichimba nyuma ya choo, pale kwenye mgomba, tukalizika koti na kaseti yake mfukoni. Tulifukia pamoja, mikono yetu yote, halafu tukala wali sinia moja. Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi. Hatukujua wa kuomba ni nani.

Bendi haikurudi. Vyombo tulimrudishia tajiri. Lakini mimi nilirudi kuadhini, na mwenzangu alirudi kula kwangu.

Mwaka jana, kabla ya kuvuna mpunga, binamu yangu alitutoka. Wengi mlikuwepo. Jeneza lilipofika mlangoni, desturi inataka mtani alizuie, na mtani ni mimi. Nikasimama, nikatanua mikono. Maneno nilikuwa nimeyapanga: huyu haendi popote, hajamaliza kunitukana! Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Watu wananingoja, jeneza limewaelemea mabegani, shehe anakohoa, na mimi nimetanua mikono tu.

Nikasikia nyuma yangu yowe. Yowe langu lile lile, lakini kwa sauti mbovu ya mtu asiyejua kuimba tangu azaliwe. Mwenzangu. Alilitoa lote, likaisha, kukawa kimya. Hakuongeza neno. Nikajua ananingoja mimi.

Nikamjibu. Wanawake ndani walipasuka kwa kicheko na kilio kwa pamoja, nikapisha, jeneza likatoka, tukalibeba mimi na yeye upande mmoja.

Tulipokuwa tunarudi makaburini nilimwuliza, mara ya kwanza na ya mwisho. "Siku ile kwenye harusi, mbona hukunijibu?"

"Hata mimi nimejiuliza sana," akasema. "Sijui." Huyo hapo nyuma anajifuta kwa kofia, mwulizeni, atawaambia hivyo hivyo.

Namshukuru mke wangu aliyenivumilia, na wale kina mama kumi wa khanga viunoni. Nanyi mliotupokea sote wawili humu chamani siku moja, ahsanteni. Binamu yangu Mungu amrehemu, na kama huko aliko kuna wa kumtania, Mungu amrehemu na huyo pia. Somo langu ni dogo, maana nililoelewa ni dogo. Ukiambiwa kuna msiba, nenda. Usisimame ng'ambo ya barabara kufikiri. Nani amekufa utajua ukishafika.