Bibi Arusi Niliyemtunga

Sogeeni, wanangu, nanyi wapwa wangu, na wewe Baaba mjukuu wa Adoma, usikae mlangoni kama mdai, njoo ukae hapa karibu na kichwa changu, maana leo ni Jumanne, bahari imepumzishwa kimila, hakuna mtumbwi ulioshuka, kwa hiyo hakuna atakayesema hakuwepo mimi Otsiwah nilipofungua kinywa.

Nisikilizeni. Nguo zangu za msibani mpeni Ekua, binti yangu, aliyeninawisha miezi hii bila kukunja uso. Fimbo ya usemaji irudi kwa chifu. Kiti cha ukoo ni chako, Kobina, mwana wa dada yangu, ndivyo mila yetu inavyotaka, hata kama hujui bado kukikalia bila kuchezesha miguu. Lakini ufuo, kutoka kwenye mwamba mpaka minazi ya mwisho, pamoja na nyumba ya wageni mliyoijenga juu yake, si wetu. Haukuwa wetu hata siku moja. Ni wa nyumba ya Adoma.

Msiangaliane. Homa imenila miguu, kichwa hakijaguswa.

Miaka thelathini na mmoja iliyopita alikuja yule mama wa miwani kutoka Accra kuandika kitabu cha mji wetu, wageni wa likizo wapate cha kusoma mchangani. Alianza kwa Adoma, aliyekuwa akikausha samaki pale ufuoni kwenye matanuri ya nyanya yake. Adoma akamwambia, "Historia ya nyumba yetu haisemwi bila kumwagia wazee kinywaji, tena haisemwi kwa mtu mwenye haraka. Rudi Ijumaa." Yule mama alikuwa na haraka. Akaja kwangu. Nami, msemaji wa chifu, ningekosaje neno? Nikamtunga bibi arusi palepale, nikimega dokono, tonge letu la mahindi, na kula samaki wa Adoma mwenyewe: kwamba msichana wa nyumba yetu, siku ya harusi yake, aliingia majini na shanga zake zote ili bahari iliyochafuka iwarudishe wavuvi, akageuka mwamba, na tangu hapo ufuo ule ni mahari yetu. Wallahi nilidhani ni porojo ya mchana. Mgeni akaandika yote, hata pale nilipokohoa.

Kitabu kikachapwa. Ulipozuka ugomvi wa mpaka kati yetu na nyumba ya Adoma, mjomba wenu mkubwa akakiweka mbele ya baraza, na Adoma hakuwa na kitu ila mdomo wake. Wazee wakakitazama kitabu, wakanitazama mimi. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Sikusema. Matanuri yakavunjwa wiki ileile. Adoma alinijia mara moja tu, akasema, "Otsiwah, ulikula kwangu," akaenda zake nyuma ya barabara kuu, akakausha samaki huko kwenye vumbi mpaka macho yakamwishia. Nilimlipa fadhila ya punda, na siku ya mazishi yake ni mimi niliyemwaga kinywaji, kwa sauti nzuri, mkanisifu.

Waliosema njia ya mwongo ni fupi hawakuwahi kuandikwa kitabuni. Yangu haijaisha. Kila Jumamosi mmenivika kitambaa, mmeniketisha mbele ya wageni, simulia, Nana, simulia bibi arusi. Mwaka ule wa mvua nyingi nilichoka, nikawaambia wageni ukweli wote, na jina la Adoma nikalitaja. Walipiga makofi. Walidhani ni hadithi ya pili. Nawe Kobina ukaninong'oneza, "Mjomba, watu wamekuja kwa bibi arusi, usituharibie." Siku hizi wanawake wagumba wanapeleka mayai kwenye ule mwamba, na watoto shuleni wanamchora. Nimetunga mtu aliyenifungia mlango kwa nje, na ufunguo anao yeye.

Nipeni maji. Asante, Ekua.

Sasa mnajua sheria ya wazee: neno la anayekufa halishiki mpaka anayepewa atoe kinywaji cha shukrani mbele ya mashahidi. Kobina, mbele ya hawa wote, unauachia ufuo? Umesema ndiyo. Upesi hivyo? Haya, mmesikia wote. Na wewe Baaba, nilijua umekuja mikono mitupu, nimemwambia Ekua aiweke chupa ya kinywaji hapo miguuni pako. Isukume tu kwangu. Useme asante, basi, kila kitu kirudi kwenu.

Mbona umeficha mikono?

Sema kwa sauti, masikio yangu yanazibika. Unasema ... "Nana, nisamehe, ugonjwa unakusahaulisha. Bibi arusi alikuwa wa kwenu. Nilimsoma darasa la nne, na ndiye ninayewasimulia wageni siku hizi. Kwetu tulilelewa tusiguse cha watu. Bibi Adoma angefufuka anichape."

Angekuchapa, ndiyo. Ndivyo alivyokuwa.

Kobina, acha kutabasamu. Ulijua atakataa. Ndiyo maana ulikubali upesi.

Nizikeni huko bara, si ufuoni. Jumamosi msimvike mtu mwingine kile kitambaa ... mtamvika, najua. Mungu awape uzao, awape samaki, awaepushe na ulimi kama wangu. Ekua, wewe baraka zako ... nimeshazisema moyoni, Mungu amezisikia.

Baaba. Sogea, sauti inaniisha. Sikuambii tena kwamba ufuo ni wako, huniamini. Basi uibe. Mara moja tu, mwanangu, isukume hiyo chupa ... uwe mwizi kidogo ... mimi nimekuwa ...

Baaba, mkono wako uko wapi?