Mahakimu Wakiona Inafaa

Benchi la nje ya karakana ya Nyundo, pale mjini Wexcombe, lilikuwa na wenyewe. Nyundo alikuwa fundi wa viatu vya farasi. Jina lake la ubatizo, Jabez Coker, lilitumika kanisani tu. Kulia kwake alikaa Wakili, mshona viatu ambaye hakuna tangazo lililobandikwa mlangoni mwa kanisa asilolisoma. Kushoto alikaa Tumbaku, mzee mkata manyoya ya kondoo, kiko mdomoni. Asubuhi hiyo ya Machi, mwaka 1783, jagi la bia lilikuwa limezunguka mara mbili na hakuna aliyecheka. Alfajiri ya siku hiyo konstebo alikuwa amempakia Keziah Pell kwenye mkokoteni wa farasi na kumtoa mjini. Keziah alikuwa amefiwa na mume miezi minne kabla, na mimba yake ilikuwa ya miezi saba.

— Kosa lake nini? Nyundo aliuliza. Niambie wewe unayesoma.

— Hana kosa, alisema Wakili. Sheria haidai kosa. Mahakimu wawili wakiona mtu huenda akawa mzigo kwa parokia isiyo yake, ikalazimika kumlisha, wanamrudisha kwao.

— Huenda?

— Huenda.

— Kwani aliomba hata kipande cha mkate? Mwanamke anasokota sufu mpaka vidole vinachanika.

— Hajaomba. Wameona ataomba.

— Wameonea wapi, kwenye moshi wa kiko cha huyu?

Tumbaku alikitoa kiko mdomoni.

— Tena kwao ni hapa hapa. Alibatizwa mimi nikiwepo.

— Alipoolewa, kwao kukawa kwa mumewe. Mume alizaliwa huko kaskazini.

— Mume tumemzika hapo nyuma ya kanisa, bwana wewe. Huko kaskazini hakuna hata mbwa anayemjua Keziah.

— Sheria haiulizi mbwa.

Nyundo alitema mate chini.

— Mimi nasema hakimu anakitaka kile kibanda cha Keziah, alisema Tumbaku.

— Kinachovuja vile? Farasi wake wanalala pazuri zaidi.

— Basi ni mimba. Hawataki watoto wa maskini. Leo Keziah, kesho binti yangu. Miaka ishirini hivi, mji mzima watabaki mahakimu wawili wanatazamana.

— Na kila mmoja ataona mwenzake huenda akawa mzigo, alisema Wakili.

— Unafanya mzaha.

— Sifanyi. Sheria imewaachia macho yao tu. Ushahidi hawaulizwi.

— Sasa wewe unawatetea au vipi? Nyundo aliuliza, na sauti yake ikawafanya wote wawili wamgeukie. Farasi wao nimempiga misumari mimi. Alfajiri. Konstebo kaja, kiatu kimelegea, nikainama nikakaza. Nikamwona Keziah amekaa juu ya magunia kajikunyata. Sikuuliza kitu.

Ndipo alipotokea mama mmoja mnene, sketi zimelowa tope mpaka magotini, bonge la jibini kwapani. Alikuwa Dorcas, mama yake Keziah, anayekamua ng'ombe kwenye shamba la mlimani, mwendo wa saa mbili.

— Nimekuta mlango wa mwanangu umepigiliwa mbao, alisema. Jirani anasema wamempeleka. Wamempeleka wapi?

Wakili alimtazama Tumbaku. Tumbaku alimtazama Nyundo.

— Kaskazini, mama, alisema Wakili.

— Kaskazini ni kukubwa. Kijiji gani?

Asubuhi nzima walikuwa wamegombana, na jina la kijiji hakuna aliyelijua. Nyundo alisimama, akavua aproni ya ngozi na kuitupa juu ya benchi.

— Hakimu analijua. Kaliandika kwa mkono wake. Twende, mama.

Dorcas hakusogea.

— Na akiona haifai kuniambia?

Alimwuliza Wakili. Wakili aliinamia viatu vyake. Nyundo alimpokea mama lile jibini, akatangulia kupanda kilima kuelekea kwenye nyumba kubwa ya hakimu.